Kuhamisha Vipuri vya Gari Jingine Kwenye Gari Dogo la Zamani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Breki Hadi Injini

Gari dogo la miaka ya 1990 lilitoka kiwandani likiwa na ndugu zake. Kiwanda kilichounda toleo la bei ya chini, lenye injini ndogo na breki za dramu nyuma, ndicho kilichounda pia toleo la kasi juu ya sakafu ileile, likiwa na diski kubwa, gia zilizokaribiana na injini yenye nguvu zaidi. Honda Civic ya 1992 hadi 1995 na Integra ya kizazi cha tatu ni mfano unaojulikana sana. Volkswagen Golf ya kizazi cha pili na Corrado ni mfano mwingine. Kwa sababu ya undugu huo, mtu anaweza kuchukua gari lililogongwa au lililooza bodi, akalivua vipuri na kuvifunga kwenye gari lake bila kuchomelea chochote.

Kazi hii huharibika mapema, wakati wa kununua, wala si wakati wa kufungua bolti. Mtu huona kalipa nzuri, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, akainunua peke yake, kisha akagundua kwamba kalipa hiyo inadai braketi yake, braketi inadai nakali yake (chuma kinachobeba habu ya gurudumu), diski inadai rimu kubwa zaidi, na pistoni zake zinadai mafuta ya breki mengi kuliko masta silinda ya zamani, yaani pampu inayosukumwa na pedeli, inavyoweza kusukuma. Kipuri hakihami peke yake. Mwongozo huu unafuata kanuni hiyo tangu mwanzo: hamisha mfumo mzima kutoka gari moja, na usipoupata mzima, subiri upatikane. Nitakaa zaidi kwenye breki, kwa kuwa ndizo ninazoamini zinapaswa kutangulia kabla ya kitu kingine chochote, hata kama wengi huanza na injini.

Kuchagua gari la vipuri

Anza na katalogi ya vipuri kabla ya kwenda kutazama gari. Namba za Honda zina mafungu matatu. Fungu la kwanza hutaja aina ya kipuri, kwa hiyo 45251 ni diski ya mbele, iwe ya gari lipi; fungu la katikati huonyesha gari ambalo kipuri kiliundwa kwa ajili yake mara ya kwanza, na hapo SR3 ni Civic ya 1992 hadi 1995, ilhali ST7 ni Integra ya kizazi cha tatu. Toyota hutumia mafungu mawili ya tarakimu tano: 43512 ni diski ya mbele, na fungu la pili linaloanza na 12 kwa kawaida linatokana na ukoo wa Corolla. Namba za magari mawili zikilingana mwanzo hadi mwisho, kipuri ni kilekile na huna haja ya kupima. Zikitofautiana kwenye tarakimu za mwisho tu, mara nyingi ni marekebisho ya kipuri hichohicho. Zikitofautiana katikati, hapo kipimo kinahitajika.

Usilinganishe kile unachokitaka. Linganisha majirani zake. Diski za magari hayo mawili zitatofautiana, na ndiyo sababu unazitaka. Swali ni kama balijointi, tairodi, beringi ya gurudumu na bushi za mikono ya saspensheni zina namba moja katika magari yote mawili, kwa kuwa hizo ndizo mpaka ambapo mfumo mgeni utakutana na gari lako. Mpaka ukilingana pande zote, kilichomo ndani yake kitaingia. Usipolingana hata mahali pamoja, unapaswa kujua kabla ya kulipa kama utahamisha pia kipuri cha mpakani au utaachana na gari hilo.

Ukifika kwenye gari lenyewe, tazama liligongwa wapi. Gari lililogongwa nyuma ni zuri kwa injini, gia boksi na saspensheni ya mbele. Lililogongwa gurudumu la mbele halifai kutolewa nakali wala mikono ya upande huo, hata kama vinaonekana vimenyooka, kwa sababu chuma hupinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini mashine ya kupanga magurudumu itakiona. Gari lililozama kwenye maji hujulikana kwa mstari wa tope chini ya zulia na kwa kutu ya kijani kwenye vituo vya fyuzi. Chukua vyuma vyake ukipenda, lakini nyaya na kompyuta uviache hapohapo. Kama injini bado inawaka, iwashe ikiwa baridi na uisikilize, kisha upime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake ni habari mbaya zaidi kuliko zote nne kushuka kidogo kwa usawa. Funua kifuniko cha mafuta ya injini: ute mweupe kama maziwa chini ya kifuniko unaweza kuwa unyevunyevu wa safari fupi, lakini ukiuona pia kwenye kijiti cha kupimia, maji yamekutana na mafuta.

Hakikisha vilevile kwamba namba ya chasisi na namba ya injini zinalingana na karatasi za muuzaji. Sababu yake utaiona mwishoni, siku utakapotakiwa kueleza injini hiyo ilitoka wapi.

Kama una nafasi ya kuliweka, nunua gari zima badala ya rundo la vipuri vilivyokwisha kufunguliwa. Bolti yenye urefu wa pekee, klipu ya kushikilia mpira wa breki, kibati kinachozuia joto lisifike kwenye balijointi, waya mfupi wenye soketi yake: hivi havimo kwenye bei ya mtu yeyote, na ndivyo vitakavyosimamisha kazi yako Jumamosi jioni.

Rimu, nati na tairi kabla ya breki

Diski kubwa hudai rimu kubwa. Civic za kawaida za kizazi hicho zilikuwa na diski za mbele zenye kipenyo cha karibu mm 240, na zile za Integra zina mm 262. Rimu nyingi za inchi 13 hazipiti juu ya kalipa ya diski hiyo. Inchi 14 ndiyo mwanzo salama, na hata hapo zungusha gurudumu kwa mkono ukichungulia kwa tochi nafasi iliyopo kati ya kalipa na ndani ya rimu. Diski za mm 280 za Corrado G60, ambazo hufungwa sana kwenye Golf ya kizazi cha pili, hudai inchi 15.

Idadi ya bolti na duara lake havitoshi kuthibitisha kwamba rimu inafaa. Magari madogo mengi ya kipindi hicho yana bolti 4 kwenye duara la mm 100, lakini tundu la katikati hutofautiana: Toyota mm 54.1, Honda mm 56.1, Volkswagen mm 57.1, Renault mm 60.1. Rimu yenye tundu kubwa kuliko habu huingia vizuri, kisha usukani hutetemeka barabarani, na dawa yake ni pete ya kujazia nafasi hiyo. Rimu yenye tundu dogo haiingii kabisa, na kuichonga si kazi ya kufanyia gereji bila mashine.

Nati ni mtego mkubwa zaidi. Toyota na Honda hutumia uzi wa M12×1.5, yaani bolti ya mm 12 ambayo uzi wake husogea mm 1.5 kila mzunguko; Nissan, Suzuki na Subaru hutumia M12×1.25. Nati ya uzi mwingine hukubali mizunguko miwili au mitatu kwa vidole kabla ya kukwama, na fundi mwenye spana ndefu huweza kuilazimisha hadi mwisho huku akiula uzi wa bolti. Umbo la kikalio cha nati nalo lina maana: rimu za kiwandani za Honda hukaliwa na nati ya duara, ilhali rimu nyingi za kununua hutaka nati yenye umbo la pia (koni) ya pembe ya nyuzi 60. Nati ya umbo lisilo lake hugusa rimu kwenye mstari mwembamba tu, na hulegea.

Kwa tairi, fanya hesabu ya kipenyo. Tairi la 175/70R13 (upana kwa mm, urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana, kisha inchi za rimu) lina kipenyo cha mm 575. La 195/50R15 lina mm 576, kwa hiyo spidomita haitahisi tofauti. La 195/55R15, ambalo watu hulichukua kwa kuwa linajaza vizuri upinde wa bodi, lina karibu mm 596, yaani asilimia 3.5 zaidi: spidomita inaposoma 100, gari linakwenda kasi kuliko unavyodhani, na mzigo wa gia zote umeongezeka kwa kiasi hichohicho.

Kuvua breki za mbele na kuzitengeneza

Mfumo wa kuhamisha ni nakali, yaani kile chuma kinachobeba habu na beringi na ambacho kalipa hufungwa juu yake, pamoja na habu, diski, kinga ya vumbi, braketi, kalipa, mpira wa breki na bolti zote. Ukivichukua vyote pamoja, huna haja ya kujua ni kipi kati yake kinatofautiana na cha gari lako.

Nati kubwa ya katikati ya habu ilegezwe gari likiwa bado limekaa juu ya matairi, gia ikiwa imeingizwa na mtu akikanyaga breki. Kwanza inyooshe ile sehemu ya ukingo wake iliyogongwa ndani ya mfereji wa shafti, la sivyo itachana uzi wakati inatoka. Nati hii huwekwa mpya wakati wa kufunga. Kisha inua gari, liweke juu ya stendi, uweke kigingi kwenye magurudumu ya nyuma. Jeki ni ya kuinulia. Haijatengenezwa kushikilia gari mtu akiwa chini yake.

Balijointi na tairodi hukaa kwenye matundu yaliyochongwa kama pia, na baada ya miaka 30 hushikamana kana kwamba zimechomelewa. Legeza nati hadi iwe sawa na ncha ya bolti, usiitoe, kisha tumia kivutio cha balijointi. Usigonge bolti yenyewe. Wakati nakali inaachia, usiiruhusu ining'inie ikivuta shafti, kwa kuwa jointi ya ndani ya shafti hufunguka na vibeba mzigo vyake hudondoka ndani ya buti ya mpira.

Tia alama ya kushoto na kulia kwenye kila kitu kabla hakijagusa sakafu. Hii si nidhamu ya bure. Kalipa za pande mbili hufanana, na nyingine hukubali kufungwa upande usio wake bila kulalamika; tofauti ni kwamba nipeli ya kutolea upepo itakuwa chini badala ya juu. Hewa hukaa juu. Mtu anaweza kukanyaga pedeli siku nzima na kumwaga chupa baada ya chupa ya mafuta, na pedeli ikabaki laini kama sifongo, kumbe kosa ni kwamba kalipa mbili zimebadilishana pande.

Mezani, toa pistoni kwa hewa ya kompresa kidogo kidogo, ukiwa umeweka kipande cha mbao mbele yake na vidole vikiwa mbali. Pistoni yenye vishimo vya kutu mahali inapogusana na sili inatupwa. Iliyochafuka tu inasafishwa. Sili na buti za vumbi ziwe mpya bila mjadala. Safisha kwa kemikali ya breki au spiriti, kamwe si kwa petroli wala mafuta ya injini, kwa sababu sili za mpira huvimba zikiguswa na mafuta ya madini, na uvimbe huo huonekana baada ya wiki kadhaa, pistoni inapokataa kurudi. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zipakwe grisi ya silikoni. Pima unene wa diski: zile za mm 262 za Honda zina mm 21 zikiwa mpya, na kikomo chake ni mm 19. Diski iliyobakiwa na nusu milimita juu ya kikomo haistahili kufungwa kwa sababu tu ilikuja bure.

Beringi ya gurudumu ningeibadilisha sasa hata kama haipigi kelele. Kuitoa kunahitaji mashine ya kushindilia, na nakali haitakuwa mezani tena kwa miaka. Inaposhindiliwa, nguvu ipite kwenye pete ya nje tu. Ikipita kwenye pete ya ndani, beringi mpya imekufa kabla haijazunguka.

Kufunga

Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila kwa mambo manne. Bolti za sehemu zenye bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekaa kwa uzito wake: ukizikaza gari likiwa hewani, mpira hubaki umesokotwa kila wakati na huchanika mapema. Washa za shaba kwenye maungio ya mpira wa breki ziwe mpya. Nati za bomba za breki zifunguliwe na kufungwa kwa spana maalumu inayoshika pande tano au sita, kwa kuwa spana ya kawaida huzila pembe zake. Na mpira wa breki ukaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande, gurudumu likiwa limening'inia na likiwa limebanwa juu. Usijinyonge, usivutike, usiguse tairi.

Nguvu ya kukaza isiwe ya kubahatisha. Spana yenye kipimo na kitabu cha huduma cha gari lilikotoka kipuri ndivyo vinavyotoa jibu, na kitabu ni cha gari lilikotoka kipuri, si cha gari linalopokea. Nati za magurudumu za Honda hukazwa kwa Nm 108, za Toyota kwa Nm 103.

Kama gari la vipuri lilikuwa na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga na lako halina, sensa zake zinaweza kuachwa. Kama magari yote mawili yanao, hesabu meno ya pete ya sensa kwenye shafti za pande zote, kwa sababu kompyuta inayosomewa idadi tofauti mbele na nyuma itadhani gurudumu moja linateleza.

Masta silinda na breki za nyuma

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi. Masta silinda kubwa husifiwa kwa kuwa hufanya pedeli iwe ngumu, na pedeli ngumu huchukuliwa kuwa breki kali. Hesabu inasema kingine. Masta silinda ya inchi 13/16 ina eneo la pistoni la karibu mm za mraba 335. Ya inchi 15/16 ina 445, theluthi moja zaidi. Kwa mguu uleule, shinikizo ndani ya bomba linashuka kwa robo nzima. Diski iliyokua kutoka mm 240 hadi mm 262 huongeza uwezo wa kusimamisha kwa takriban asilimia 10 tu, kwa kuwa pedi zimesogea mbali na katikati kwa kiasi hicho. Ukifunga masta silinda hiyo kubwa bila sababu, umelipoteza ongezeko hilo na zaidi. Sababu halali ni moja: kalipa mpya zina pistoni kubwa, au umeongeza kalipa za nyuma, na mafuta ya masta silinda ya zamani hayatoshi kuzijaza kabla pedeli haijakaribia sakafu. Katika hali hiyo chukua masta silinda ya gari la vipuri pamoja na buta lake, kile kisaidizi kinachoongeza nguvu ya mguu, kwa kuwa kiwanda kilikwisha kufanya hesabu hiyo.

Kubadilisha dramu za nyuma kuwa diski ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye Civic na Integra njia fupi ni kuhamisha mkono mzima wa nyuma pamoja na habu, kalipa na kebo za handbreki, kwa sababu kebo za dramu hazifungiki kwenye kalipa. Kisha ipo valvu ya kugawa shinikizo kati ya mbele na nyuma. Valvu ya gari la dramu ilipangwa kwa dramu. Ukiiacha, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari ambalo nyuma yake imejifunga hugeuka, mkia ukataka kwenda mbele. Gari ambalo mbele yake imejifunga huteleza moja kwa moja tu. Kati ya mabaya hayo mawili, la pili lina afadhali, na ndiyo maana viwanda vyote hupanga mbele itangulie. Chukua valvu ya gari la vipuri. Zile valvu za kurekebisha kwa mkono ni nzuri kwa mtu mwenye uwanja mtupu wa kujaribia na subira ya kujaribu, na ni hatari kwa anayeikadiria akiwa gereji.

Gari dogo jepesi halihitaji sana diski za nyuma kwa matumizi ya kawaida. Dramu nzima zilizorekebishwa vizuri, diski kubwa mbele, mipira mipya na mafuta mapya ni mchanganyiko ambao ningeuridhia bila kujuta.

Kutoa upepo

Tumia mafuta ya breki ambayo kifuniko cha tangi kinayataja. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja na huchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na yoyote kati ya hizo. Kiwango kinaitaka DOT 3 mpya isichemke chini ya nyuzi joto 205, na DOT 4 chini ya 230, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana haitumiki, na mafuta yaliyokuwa ndani ya kalipa za gari la vipuri humwagwa yote.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, lakini magari mengi madogo yana mizunguko miwili inayokwenda kwa mshazari, na kitabu chake kinaweza kutaja mpangilio mwingine, kifuate kitabu. Mmoja akanyage polepole na kushikilia, mwingine afungue nipeli, mafuta yatoke kupitia mpira uliozama kwenye chupa yenye mafuta, nipeli ifungwe, ndipo mguu uachie. Kwenye masta silinda ya zamani weka kipande cha mbao chini ya pedeli ili isizame hadi sakafuni, maana sehemu ya ndani ya silinda ambayo haijawahi kupitiwa na sili ina kutu, na safari moja tu huko hukata midomo ya sili. Mafuta yaliyomwagikia rangi yaoshwe kwa maji papo hapo.

Pedi mpya huzoezwa kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa saa mara kadhaa kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha gari liendeshwe polepole hadi breki zipoe. Kusimama kabisa pedi zikiwa za moto huacha alama yake kwenye diski, na alama hiyo baadaye hutetemesha pedeli.

Saspensheni

Sitasema mengi hapa. Springi na shokapu huhama pamoja, za pande mbili kwa mpigo, na springi ya gari zito kwenye gari jepesi humfanya abiria ajute. Springi hubanwa kwa kibanio cha kazi hiyo, ikiruka huua. Fimbo nene ya kuzuia mlalo nyuma isifungwe kwenye Civic za 1992 hadi 2000 bila bamba la kuimarisha, kwa kuwa zimejulikana kung'oa chuma cha chini mahali pa kufungia. Baada ya nakali, tairodi au mkono wowote kuguswa, gari liende kwenye mashine ya kupanga magurudumu kabla matairi hayajaliwa upande.

Injini

Injini huhama na gia boksi, shafti, mauntini (vishikio vya injini), kompyuta, nyaya, radieta na mfumo wa kutolea moshi. Orodha hiyo ndiyo gharama halisi. Injini yenyewe mara nyingi ni sehemu ndogo.

Ndani ya ukoo mmoja kazi hii imekwisha kufanywa na wengi kiasi kwamba majibu yanajulikana. Civic iliyotoka na injini ya D15 hupokea B16A ya cc 1,595 au B18C ya cc 1,797 kwa mauntini, shafti na gia boksi za familia hiyo ya injini za B. Toyota Starlet yenye 4E-FE ya cc 1,331 hupokea 5E-FE ya cc 1,497, ambayo ni ya familia ileile. Ukitoka nje ya familia, mambo hubadilika haraka: injini za Honda za K, zilizoanza 2001, huzunguka kwa mwelekeo ulio kinyume na wa B na D na moshi wake hutokea upande wa kioo cha mbele, kwa hiyo hudai mauntini, shafti na mabomba ya kutengenezwa upya.

Nyaya ndizo zinazowachosha watu. Kompyuta za Honda hutambulika kwa herufi na namba kwenye kibandiko: P06 ni ya D15B7, P28 ni ya D16Z6, P30 ni ya B16A. Za kabla ya 1996 na za baada yake zina soketi tofauti, kwa hiyo kompyuta na nyaya za injini vitoke kipindi kimoja. Ondoa betri, piga picha kila soketi, bandika jina kwenye kila moja, na usikate waya hata mmoja karibu na soketi. Ukilazimika kukata, acha urefu wa kutosha kuungia mara mbili. Gari la vipuri likiwa na ufunguo wenye chipu, chukua ufunguo, pete inayouzunguka na kisanduku chake pamoja na kompyuta, kwa sababu kompyuta peke yake itakataa kuwasha injini.

Kabla ya kuishusha injini ndani, badilisha mkanda wa kamshafti, pampu ya maji, sili za nyuma na mbele za kreki, na klachi. Kila kimoja ni kazi fupi injini ikiwa nje na ni kazi ya kutwa ikiwa ndani. Toa shinikizo la mfumo wa petroli kabla ya kufungua bomba lake, injini ikiwa baridi na pasipo moto karibu.

Visivyohamishwa

Mifuko ya hewa ya gari jingine isifungwe. Mamilioni ya magari yaliitwa kiwandani kwa sababu ya vilipuzi vya kampuni ya Takata, vinavyoijaza mifuko hiyo, na kati ya vilivyo hatari zaidi ni vya Honda na Acura (chapa ya Honda) za 2001 hadi 2003, yaani magari hasa ambayo leo yamelala yadi yakivuliwa vipuri. Usukani au viti vyenye mifuko hiyo viachwe. Mikanda ya usalama ya gari lililogongwa nayo imekwisha kufanya kazi yake mara moja. Nyuzi zake zimenyooka na kivutio chake huenda kimelipuka. Ukifanya kazi karibu na mifuko ya gari lako mwenyewe, ondoa betri na subiri angalau dakika 3.

Siku za kwanza

Jaribio la kwanza lifanyike mahali patupu, kwa mwendo wa kutembea, kabla ya barabara. Pedeli ishikiliwe kwa nguvu kwa dakika nzima injini ikiwa imewashwa. Ikizama polepole, kuna uvujaji au masta silinda inapitisha ndani. Kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 100, na siku hiyohiyo tazama kila kiungo cha mafuta ya breki kwa karatasi nyeupe kavu, kwa kuwa tone dogo huonekana kwenye karatasi kabla halijaonekana kwenye chuma.

Injini iliyobadilishwa ijulishwe mamlaka ya usajili, na mabadiliko yote, zikiwemo breki, yajulishwe kampuni ya bima kwa maandishi, pamoja na karatasi za gari lilikotoka. Vipuri vyako vya zamani vifunge kwenye mifuko pamoja na bolti zake na uvihifadhi hadi gari lipite ukaguzi wake wa kwanza, maana mkaguzi akikataa utahitaji kulirudisha lilivyokuwa, na bolti za asili hutazipata tena kwa urahisi.